Nyayo Hazijibiwi kwa Simu

Nyayo za ng'ombe ziliingia kijijini kwetu saa moja asubuhi zikifuatwa na wanaume arobaini wenye pinde, na kati ya maboma yote ya ng'ambo yetu ya mto, zikaamua kuishia mbele ya choo changu. Mimi nilikuwa ndani ya choo hicho. Nikasikia vishindo vya miguu, nikasikia mtu akisema, "Hapa ndipo." Nikatoka huku nafunga mshipi, nikakutana uso kwa uso na Gisiri.

Sijui kama umewahi kumchukia mtu mpaka ukajua idadi ya meno yake. Miaka kumi iliyopita ukoo wetu na ukoo wao walipigana kwa ajili ya ng'ombe, mwezi mzima wa kuchomeana nyumba na kulala vichakani. Gisiri ndiye aliyeichoma nyumba yangu. Mimi ndimi niliyempiga mshale wa goti. Tangu hapo anauburuta mguu wa kulia, na kila nilipomwona sokoni Kegonga nilikuwa nautazama huo mguu kwanza, ndipo nautazama uso. Hatukuwa tumesemezana hata neno moja tangu vita viishe.

"Ng'ombe wangu saba," akasema. "Wameingia kwako. Hawajatoka."

Kwetu Kuria sheria ya nyayo ni kongwe kuliko serikali. Ng'ombe wakiibwa, wenyewe hufuata nyayo. Zikiingia kijiji fulani, kijiji hicho hukabidhiwa: haya, sasa ni zenu, tuonyesheni zilipotokea. Mkishindwa, ninyi ndio wezi, na jua likishazama hakuna tena mazungumzo. Vile vita vya miaka kumi iliyopita vilianza hivyo hivyo, kwa nyayo za ndama mmoja tu ambazo hazikutoka.

Vijana wetu nao walikuwa wameshafika. Mwanangu Bravin, mwenye miaka ishirini na miwili, alisimama kando ya jiko la mama yake ameshika upinde ambao sikujua hata anao. Wale arobaini hawakunitisha. Upinde ule mmoja ndio ulionikausha mate.

Chifu akaja mbio na askari wawili, akasimama katikati akitoa jasho, na baada ya kelele za saa nzima ikakubaliwa kama ilivyo desturi: kila upande utoe mtu mmoja, wawili hao wazifuate nyayo pamoja. Wao wakamtoa mwenye ng'ombe. Sisi wakanitoa mimi, maana choo kilikuwa changu. Kisha kijana mmoja wa upande wao akasema maneno ambayo kila mtu aliyaitikia kwa kichwa, hata mke wangu Priscilla.

"Wakirudi wawili kabla jua halijazama, tutasikiliza. Akirudi mmoja, huyo amemuua mwenzake, na hatutauliza kitu."

Basi hivyo ndivyo nilivyopewa maisha ya Gisiri niyatunze, naye akapewa yangu. Nilitamani kucheka, lakini sikuona wa kucheka naye.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: yule mtu anajua nyayo. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeosha uwanja wangu, mimi sikuona kitu. Yeye akazunguka nyuma ya choo, akainama juu ya mwamba mkubwa unaoshuka hadi barabarani, akanusa, akapitisha kidole. "Walipitia hapa. Mavi yamefagiliwa na tawi." Akashuka akiburuta mguu, nami nyuma yake, hadi kwenye kilima cha udongo cha kupakilia malori kando ya barabara. Pale ardhi ilikuwa imekanyagwa hadi ikawa uji. Alama za magurudumu mawili mawili zilikuwa wazi, na moja lilikuwa na mkato mpana kama kiganja.

"Lori," nikasema. "Unaona? Zimetoka kwangu! Mambo yamekwisha!"

Vijana wao waliotufuata hadi barabarani wakacheka kwa dharau. Lori linaweza kuwa letu, wakasema. Gurudumu halina kwato. Wanataka ng'ombe.

Nina pikipiki. Ndiyo kazi yangu, nabeba abiria kati ya Kegonga na Kehancha, na sijawahi kuchagua abiria. Siku hiyo nilikuwa tayari kuanza kuchagua. Gisiri akapanda nyuma kwa taabu, mguu wake mbovu ukiwa umenyooka pembeni kama mwiko, akashika chuma cha nyuma badala ya kunishika mimi. Afadhali hivyo, nikajiambia.

Kegonga tulisimama kwa Yakub, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu yeye huamka kabla ya kila mtu. Hakutuacha hata tumalize kuuliza.

"Lori ya kijani, turubai ya bluu," akasema. "Wallahi, nimetoka tu kuswali alfajiri, mtu anapiga honi anataka kamba. Ng'ombe zinalia ndani. Akaniuliza soko la Alhamisi, lile la njia ya Lambwe, linafungwa saa ngapi. Mimi nikamwambia, ndugu yangu, mimi nauza misumari." Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, macho yakamtoka. "Nyinyi wawili? Kwa pikipiki moja? Subhanallah."

Lambwe! Huko ni kaunti nyingine kabisa, kule chini ya Homa Bay. Nikatazama saa: tatu na nusu. Ukienda na kurudi bila kupumua unaweza kufika kabla ya jua kuzama. Ukipumua, basi. Nikawasha.

Nitakuambia kitu kuhusu mwendo: mwendo hufungua mdomo. Tulipita Kehancha kimya, tukapita Migori kimya, lakini nilipokata kona kuingia njia ya ndani ya mashamba ya miwa ili nikwepe magari, hasira ya miaka kumi ikanipanda kooni. Nikaanza. Nikamwambia nyumba aliyoichoma ilikuwa na mabati mapya ya wiki tatu. Nikamwambia Priscilla alijifungulia kwenye nyasi mwaka ule. Yeye akajibu jambo kuhusu goti. Nikamwambia goti ni moja, mabati yalikuwa thelathini. Akajibu tena. Nikapandisha sauti, pikipiki ikiruka juu ya mashimo ya matrekta, nikamweleza kila kitu, tangu mwanzo, kwa utaratibu, hoja baada ya hoja. Naye kimya. Moyo ukaniambia, Nyamhanga, leo umemshinda. Hana la kusema. Nikaendelea labda dakika tano nzima nikifurahia ushindi wangu, hadi nikamuuliza swali, nikasubiri jibu, nikageuza shingo.

Nyuma hapakuwa na mtu.

Sijawahi kuogopa vile, hata wakati wa mishale. Niligeuza pikipiki papo hapo karibu nianguke, nikarudi nikiita jina lake. Na nikaomba. Mimi, Nyamhanga, niliyemwombea mtu yule kila balaa kwa miaka kumi, nikaomba kwa sauti kubwa katikati ya miwa: Mungu, awe hai, tafadhali, awe hai, uchukue hata pikipiki. Akilini nilimwona Bravin kando ya jiko na ule upinde. Nilimwona akiwa chini, mshale kifuani.

Gisiri alikuwa mtaroni, chali, uso umejaa vumbi, macho yamefungwa. Nikaitupa pikipiki, nikampigia magoti, nikamshika mabega nikamtikisa.

"Gisiri! Usife, bwana! Usife leo!"

Jicho moja likafunguka. "Na kesho je?"

"Kesho shauri yako!"

Akaanza kucheka, kisha akashika mbavu na kuguna. Alikuwa mzima. Simu yake ndiyo iliyokufa, imepasuka vipande viwili. Nikajikuta nimekaa kwenye nyasi kando yake, machozi yananitoka bila adabu yoyote.

"Goti hili likikataa kujikunja, siwezi kujishikilia kwenye mashimo," akasema akiwa anatazama miwa, hanitazami. "Nilikuita. Ulikuwa unahubiri."

Goti lile ni kazi ya mkono wangu. Nikafungua ule mpira mweusi ninaofungia mizigo, nikamkalisha nyuma yangu, nikauzungusha kiunoni mwake na kiunoni mwangu mara mbili, nikaufunga mbele. Ikiwa ni kuanguka, tuanguke wote.

"Unanuka petroli," akasema nyuma ya sikio langu.

"Na wewe unanuka mtaro. Shika."

Tuliruka! Rongo ikapita, barabara ikawa nzuri, nikaifinya pikipiki hadi ikalia. Gisiri akawa macho yangu: "Trekta kushoto! Ng'ombe mbele! Mama na kikapu!" Mahali pa kupanda mlima alijisogeza mbele bila kuambiwa, mahali pa kona akalala nami upande mmoja. Karibu na Homa Bay akanipiga begani kwa nguvu, akaonyesha matope yaliyokauka kando ya lami, kwenye kituo cha kupimia uzito wa mchanga. Mkato mpana kama kiganja. "Ni yeye! Ni yeye, mura!" akapiga kelele, akiniita kijana kwa lugha yetu, nami nikapiga kelele pia, kama wajinga wawili. Kwa muda ule, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Sokoni tulifika saa saba. Watu walikuwa wameanza kupungua, na lile lori la kijani lilikuwa limeegeshwa chini ya mgunga turubai likiwa limekunjwa. Ng'ombe saba walikuwa wamefungwa kwenye uzio, na wachinjaji wawili walikuwa tayari wanawapapasa mbavu. Gisiri akataka kukimbia, akasahau kwamba tumefungwa pamoja. Tukaanguka wote wawili mbele ya umati.

Baada ya watu kumaliza kucheka, akaenda moja kwa moja kwa dalali, kijana mnene mwenye kofia. "Hizi ng'ombe ni zangu!"

Dalali hakushtuka hata kidogo. Akatoa karatasi. Kibali cha kusafirisha mifugo, kina muhuri, kina sahihi. Gisiri akashika sikio la ng'ombe wa karibu kuonyesha alama yake, na hapo nikaona uso wake ukibadilika. Masikio yote saba yalikuwa yamekatwa upya pale pale penye alama. Damu ilikuwa bado haijakauka vizuri.

Kelele ikaleta afisa wa mifugo, mama mmoja mwenye gambuti na kitabu kikubwa kwapani. Aliitwa Dorine, na umati ulimfungulia njia bila kusukumwa.

"Huyu ako na kibali," akasema akimtazama Gisiri. "Iko na stampu. Wewe uko na nini?"

"Mimi niko na macho! Nazijua!"

"Jaduong', hiyo ni kelele, si ushahidi." Hakusema kwa ubaya, hata alimwita mzee kwa heshima ya Kiluo. Akaangalia yale masikio, akayaangalia tena, akafinya midomo. "Lakini hii masikio hainipendezi. Sasa nisikilizeni. Nimefanya na ng'ombe miaka kumi na tano. Ng'ombe hasomi kibali, lakini anajua mtu yake. Mzifungue kamba. Kila mtu aite."

Dalali akaita, akapiga makofi, akaita tena. Ng'ombe wakaendelea kutafuna. Watu wakacheka. Zamu ya Gisiri. Akaita kwa Kikuria, akaimba wimbo mzima wa kuita ng'ombe, sauti ikamkatika. Mmoja akatingisha mkia. Basi.

Akanigeukia, na sitasahau macho yale. "Nyanchoka ndiye huwachunga," akaninong'oneza. Nyanchoka ni mkewe. "Tangu goti, sijachunga hata siku moja. Hawanijui, Nyamhanga. Ng'ombe wangu hawanijui."

Mimi sikuwa namsikiliza vizuri. Nilikuwa namtazama ng'ombe mkubwa kuliko wote, mzee, mwekundu, mwenye baka jeupe chini ya jicho la kushoto. Nilimtazama kwa muda mrefu. Kisha midomo yangu ikapiga mluzi, peke yake, mluzi mfupi mara tatu, ambao sikuwa nimeupiga kwa miaka kumi.

Yule ng'ombe akainua kichwa. Akaja. Hakuja kwa hatua, alikuja kwa mbio, akamsukuma dalali hadi kofia ikaruka, akasukuma pua yake kifuani pangu akitafuta ndani ya shati, akinilamba shingo, akilia. Na wale sita nyuma yake wote wakamfuata, kwa sababu alikuwa mama yao.

Chupa! Ndivyo tulivyomwita. Mama yake alikufa siku alipomzaa, nasi tukamnywesha maziwa kwa chupa ya soda, mimi na Bravin kwa zamu. Bravin alikuwa mtoto wakati huo, analala naye zizini. Kila tulipoleta chupa tulipiga mluzi ule. Usiku nyumba yangu ilipochomwa, mtamba yule alichukuliwa, na mwanangu alilia wiki nzima kuliko alivyolilia nyumba. Nilidhani waliomchukua walimla.

"Ee, mwenyewe amepatikana!" umati ukashangilia. Dorine naye akatabasamu mara ya kwanza, akafungua kitabu, akatoa kalamu. "Hapo sasa. Jina?"

Nikamtazama Gisiri. Alikuwa amekauka. Alijua ninajua. Ng'ombe saba wake, utajiri wake wote, ulitoka kwenye tumbo la mtamba wangu, na pale mbele ya serikali na watu mia nilihitaji kusema neno moja tu, jina langu, wote warudi kwangu. Hasira niliyokuwa nayo! Nilitaka kumnyang'anya kila mkia. Nilitaka arudi nyumbani kwa miguu, kwa ule mguu. Na haki ilikuwa yangu, usiniambie haikuwa yangu.

Lakini nikauona mto unaozitenganisha koo zetu. Nikaona lori likifika na ng'ombe walioandikwa jina langu, na vijana wao arobaini wakiona kwa macho yao kwamba ni kweli, ng'ombe walikuwa kwa Nyamhanga, Nyamhanga ndiye mwizi. Nani angesikiliza hadithi ya chupa ya soda? Na Bravin angekuwa mstari wa mbele, kwa sababu ni mwanangu, na ana kichwa changu.

"Andika Gisiri," nikasema.

Dorine akainua macho. "Na hii ng'ombe inakulamba kwa nini?"

"Ni jirani yangu huyu. Napita kwake kila siku, nawapa chumvi." Neno jirani lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini likatoka.

Gisiri akaketi chini pale pale kwenye vumbi. Dalali alikuwa ameshaanza kurudi nyuma polepole kuelekea barabarani, na alipoona tumemwona akakimbia, ng'ombe wa watu wakimwepuka, wachinjaji wakimkimbiza na fimbo wakipiga kelele "Mwizi!" Walimpata kabla hajafika lami. Dereva wake alipoona hivyo akaapa kwa jina la mama yake kwamba yeye alikodishwa tu. Dorine akamwambia basi athibitishe kwa kuwarudisha ng'ombe hadi mlangoni mwa mwenyewe, leo leo, akampandisha na askari mmoja mbele. Saa nane na robo tulikuwa barabarani, ng'ombe saba, pikipiki moja, na sisi wawili nyuma tumeshikilia vyuma.

Nikampigia Bravin. "Tumewapata! Waambie wote, tumewapata!"

"Tata, hawaamini." Sauti yake ilikuwa ya juu, ya haraka. "Wanasema Gisiri hapatikani kwa simu. Wanasema umemuua."

"Yuko hapa! Ongea naye!" Nikampa Gisiri simu, akaongea, akataja jina lake na la baba yake. Nikasikia kelele upande wa pili, kisha Bravin tena: "Wanasema sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote. Wanasema nyayo hazijibiwi kwa simu. Tata, rudi."

Lori likatambaa. Ninaapa lilitambaa! Kila kilima lilikohoa. Kabla ya Awendo tukakwama nyuma ya matrekta matatu ya miwa, na hakukuwa na pa kupita. Niligonga paa la dereva hadi ngumi ikavimba. Gisiri alikuwa amekaa karibu na kichwa cha Chupa.

"Nitawaambia," akasema ghafla. "Tukifika. Nitasema mbele ya wote kwamba nilikuibia. Hawa si wangu."

"Wewe una wazimu?"

"Nimebeba jambo hili miaka kumi, Nyamhanga. Kila nikinywa maziwa yake."

"Na utalibeba leo pia!" Nilimshika kola. "Ukisema hivyo jua likizama, vijana wangu watasema, kumbe ninyi ndio wezi, na wako watasema umerogwa, na mtu wa kwanza atakayerusha mshale hata mimi simjui. Ukitaka kuungama, ungama baada ya mavuno, watu wakiwa wameshiba. Leo ng'ombe ni wako. Umenisikia? Sema ni wako."

Akanitazama kwa chuki halisi, ile ya zamani, na nafikiri ilikuwa haki yake. Si rahisi mtu kunyimwa hata kuungama. Mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Kehancha, jua lilikuwa limebaki viganja viwili juu ya vilima. Priscilla akapiga simu: vijana wao wameshuka hadi ukingo wa mto, wetu pia wameshuka. Kegonga, kiganja kimoja. Yakub alikuwa barabarani akitupungia mikono yote miwili turuke, tusisimame, na dereva, ambaye sasa alikuwa ameshikwa na homa yetu, akakanyaga kwa mara ya kwanza siku ile, lori likaruka mashimo, ng'ombe wakalia, mimi na Gisiri tumeshikana mikono tusirushwe nje.

Tulipotokeza juu ya mto, jua lilikuwa nusu. Pande mbili zilikuwa zimesimama majini, maji magotini, na pinde zilikuwa zimeshainuliwa. Askari wa Chifu walikuwa katikati na walionekana wadogo sana. Dereva akabana honi na hakuiachia. Nikaruka kabla lori halijasimama, nikamshika Gisiri kiunoni nikamshusha, tukateremka ukingo tumekumbatiana, kwa sababu peke yake angeanguka, na peke yangu ningeuawa.

"Wawili!" nilipiga kelele. "Tumerudi wawili! Hesabuni!"

Nyanchoka alipomwona mumewe akapiga yowe la furaha, wanawake wa pande zote mbili wakaitikia. Ng'ombe wakashushwa mmoja mmoja hadi majini. Yule kijana wa asubuhi akauliza kwa sauti kubwa, kama desturi inavyotaka, "Gisiri, ng'ombe hawa ni wa nani?"

Nikahisi mkono wake ukikaza begani mwangu.

"Wangu," akasema. "Walitoka kwao kwa lori. Nyayo zimetoka. Huyu hana kosa."

Nikaona pinde za upande wao zikishuka, moja, tatu, kumi. Imekwisha, nikasema moyoni. Imekwisha! Na ndipo mwanangu akatoka kwenye mstari wetu, hatua mbili ndani ya maji, akimtazama yule ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe. Mshale wake ulikuwa bado kwenye uzi.

"Tata," akasema. "Huyo si Chupa?"

Vijana wetu walijua hadithi ya Chupa, hakuna asiyeijua, nami nikaona vichwa vyao vikigeuka kumwelekea Gisiri. Gisiri akafungua mdomo. Nikamminya mbavu zilizoumia hadi pumzi ikamkata.

"Hapana," nikasema, na nikasema kwa nguvu ili kila mtu asikie. "Chupa alikufa. Alikufa wakati wa vita."

Bravin akanitazama. Alikuwa amelala na ndama yule zizini, alikuwa amemfuta pua kwa shati lake la shule; hakuna mtu duniani angeweza kumdanganya kuhusu ng'ombe yule, hata mimi. Akamtazama Chupa. Akautazama mkono wangu uliomshikilia Gisiri. Jua likaisha, na bado alikuwa amesimama.

Kisha akauondoa mshale kwenye uzi, akawageukia wenzake.

"Ni kweli," akasema. "Alikufa. Twendeni nyumbani."

Alipopita karibu yangu niliona anauma mdomo wa chini. Sikumgusa, maana tungelia sote wawili mbele ya watu.